Toba Iliyochukua Fomu

Mwaka fulani, katika kipindi cha Historia ya Kanisa, tulikuwa tukiwafundisha wanafunzi wetu wa theolojia habari za makanisa ya Marekani katika karne ya 20. Tulifika kwa mtu aitwaye David Duke tukidhani tutampitia kwa dakika kumi. Kipindi chote kikaisha tukiwa bado kwake. Mwanafunzi mmoja, aliyekuwa mwinjilisti kwa miaka mingi kabla usharika wake haujamleta chuoni, alisimama akasema: "Mwalimu, huyu alisema ameokoka, na mambo yake ya nyuma ameyaacha. Sisi ni nani tumkatalie?" Kengele ililia kabla hatujamjibu vizuri. Insha hii ni jibu letu kwake. Limechelewa, na huenda bado halijakamilika.

David Duke alizaliwa mwaka 1950 huko Tulsa, Oklahoma, akakulia New Orleans katika jimbo la Louisiana. Mwaka 1970, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha jimbo hilo mjini Baton Rouge, alisimama hadharani amevaa sare ya Kinazi na kubeba bango. Picha ya siku ile haikumwacha tena maishani. Miaka michache baadaye akawa kiongozi mkuu wa moja ya makundi ya Ku Klux Klan.

Kwa wasomaji wasioijua Klan, hilo ni kundi lililoanzishwa Pulaski, Tennessee, mara baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, watumwa walipokuwa wamepata uhuru wao. Kazi yake ilikuwa kuwatisha, kuwapiga na kuwaua watu Weusi ili wasipige kura, wasimiliki ardhi, wasijione kuwa watu. Lilikufa likafufuliwa zaidi ya mara moja. Katika karne ya 20 wanachama wake, wamevaa kanzu nyeupe na vifuniko vya uso, walikuwa na desturi ya kusimamisha msalaba mkubwa usiku na kuuwasha moto, na mara nyingine waliimba nyimbo za Kikristo wakiwa wameuzunguka. Tunaliandika hili kwa uchungu. Sisi tumezoea kuuona msalaba juu ya madhabahu, na mama zetu huufuta vumbi kila Jumamosi. Kuna watoto waliouona kwa mara ya kwanza kupitia dirishani, unawaka, na baba yao amezima taa.

Duke hakupenda kuonekana mtu wa vurugu. Alivaa suti. Alikwenda kwenye vituo vya televisheni akazungumza taratibu, akitabasamu, bila kutukana. Wengine wa Klan walimcheka kwa ajili hiyo, lakini yeye alikuwa ameona mbali kuliko wao: alijua kwamba watu wengi wanaokataa chuki yenye kelele wataipokea ikija na adabu.

Mwaka 1977 alitangaza kwamba watu wake watapiga doria mpakani mwa Marekani na Mexico kuwazuia wahamiaji. Mwaka huohuo, mwezi Juni, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikuwa limekutana Dar es Salaam. Ndipo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alipochaguliwa kuwa rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Na ndipo Walutheri wa dunia nzima walipotamka kwamba ubaguzi wa rangi uliokuwa ukitawala kusini mwa Afrika hauwezi kuhesabiwa kama jambo la siasa ambalo Wakristo wanaweza kutofautiana kisha wakashiriki Meza ya Bwana kama kawaida. Ni jambo linalogusa ukiri wa imani wenyewe. Baadhi ya wazee wetu bado wanaukumbuka mkutano ule, hasa chakula na wageni. Uamuzi wake hatuufundishi vya kutosha, hata katika madarasa ya kipaimara.

Mwaka 1980 Duke aliondoka Klan akaanzisha chama kingine cha kutetea Wazungu, akikipa jina lililoigiza jina la chama cha zamani cha kutetea haki za Weusi. Aligombea hiki na kile bila mafanikio. Mwaka 1988 aligombea hata urais wa Marekani, na kura alizopata zilikuwa kama chumvi iliyomwagwa ziwani. Lakini mwishoni mwa mwaka 1988 alijiunga na Chama cha Republican, na mwaka 1989 akagombea kiti cha Bunge la jimbo katika eneo la Metairie, nje kidogo ya New Orleans. Rais George Bush na rais mstaafu Ronald Reagan, wote wa chama hicho, walimuunga mkono mpinzani wake. Duke alishinda kwa kura 227.

Ili tuelewe ushindi huo inabidi tuitazame Louisiana yenyewe. Ni jimbo lililotegemea mafuta, na katikati ya miaka ya 1980 bei ya mafuta ilianguka. Watu walipoteza kazi, nyumba zikachukuliwa na benki. Kwa mtu aliyekuwa fundi kwenye mitambo ya mafuta na sasa anakaa kibarazani, ni rahisi kuaminishwa kwamba kuna jirani anayekula fungu lake. Duke hakusema tena habari ya damu na rangi. Alisema habari ya walipa kodi, ya watu wanaoishi kwa posho ya serikali bila kufanya kazi, ya nafasi za kazi zinazotolewa kwa kuangalia rangi. Kila msikilizaji alijua ni nani anayesemwa, na hakuna aliyehitaji kumtaja.

Alipoulizwa habari za Klan na sare ile, alijibu kwamba hayo yalikuwa mambo ya ujana, kwamba amebadilika, kwamba amempata Yesu.

Hapa inafaa tutaje wanawake wawili. Wa kwanza ni Beth Rickey, mwanachama wa Republican aliyekuwa katika kamati kuu ya chama hicho jimboni. Mwaka 1989, Duke akiwa tayari mbunge anayedai kuyaacha ya kale, Rickey alikwenda katika ofisi yake ya ubunge akanunua vitabu. Vilikuwa vitabu vya Kinazi, pamoja na kile cha Hitler, vikiuzwa katika ofisi ya mtunga sheria. Akavipeleka kwa waandishi wa habari. Viongozi wenzake wengi chamani hawakutaka kusikia. Duke alikuwa na kura. Rickey hakupata faida yoyote kwa kazi ile, na alipoteza marafiki.

Wa pili ni Anne Levy, Myahudi aliyezaliwa Poland. Akiwa mtoto mdogo alikuwa katika geto la Warsaw, na wazazi wake walimficha yeye na mdogo wake ndani ya kabati ili askari wasiwapate. Baada ya vita familia yake ilihamia New Orleans. Mwaka 1989 yaliwekwa maonyesho ya picha za mauaji ya Wayahudi katika jengo la Bunge la jimbo, Baton Rouge, na Duke akaja kutazama. Mama huyu, ambaye maisha yake yote hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu, alimwendea akamuuliza kwa nini anazitazama picha za jambo ambalo yeye husema halikutokea. Duke aliondoka pale. Mama Levy alimfuata tena akimuuliza. Hakupata jibu siku ile, wala baadaye.

Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu swali la mwanafunzi wetu linajibiwa kwa sehemu katika ukumbi ule. Mtu aliyetubu kweli, anapokutana uso kwa uso na mama aliyefichwa kabatini kwa sababu ya mafundisho ambayo yeye mwenyewe aliyaeneza, angefanya nini? Hatusemi angelia. Watu hawafanani. Lakini asingeondoka.

Mwaka 1990 Duke aligombea useneta wa Marekani akapata zaidi ya kura 600,000, karibu asilimia 44. Alishindwa na seneta aliyekuwapo, J. Bennett Johnston, lakini Wazungu walio wengi katika jimbo walikuwa wamempigia yeye. Mwaka uliofuata akachukua fomu ya ugavana.

Uchaguzi wa ugavana wa Louisiana una taratibu zake. Wagombea wa vyama vyote huingia pamoja katika duru ya kwanza, na asipopatikana aliyevuka nusu, wawili wa juu huingia duru ya pili. Oktoba 1991 gavana aliyekuwapo, Buddy Roemer, alishika nafasi ya tatu. Waliobaki ni Duke na Edwin Edwards. Huyu Edwards alikuwa gavana mara tatu kabla, mtu wa maneno matamu, mpenda kamari, aliyewahi kushtakiwa kwa rushwa akaachiwa, na kila mtu jimboni alikuwa na hadithi yake juu yake. Ndipo zikaonekana stika kwenye magari zikiwahimiza watu wamchague mla rushwa kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Watu waliozibandika walicheka, lakini si sana.

Katika wiki zile za Novemba, Duke aliongea kama mhubiri. Mikutano yake ilikuwa na maombi. Alitaja damu ya Yesu. Alisema anasali katika kanisa fulani. Waandishi wa habari walipolitafuta hawakulipata, naye akabadili maelezo yake. Siku chache kabla ya kura mmoja wa waratibu wa kampeni yake alijiuzulu, akisema haamini tena kwamba Ukristo wa mtu huyu ni wa kweli. Katika mdahalo wa televisheni mwandishi wa habari Mweusi, Norman Robinson, alimwambia wazi kwamba yeye kama mtu Mweusi anaogopa kuishi chini ya gavana kama huyo, akamsomea mambo aliyoyasema na kuyafanya, akambana. Duke alilalamika kwamba haonewi haki.

Na makanisa? Wapo waliosimama. Mchungaji James Stovall wa Kanisa la Methodist alikuwa miongoni mwa walioanzisha umoja wa kupinga ubaguzi na Unazi katika Louisiana, pamoja na walimu, Wayahudi na watu wa vyama vyote viwili. Waliandika, walichapisha, walizunguka. Lakini lazima tuseme na upande wa pili: miongoni mwa Wazungu Wakristo wa kiinjili, wale wanaojiita waliozaliwa mara ya pili, Duke alifanya vizuri. Walisikia lugha yao kinywani mwake. Kwa nini wasimwamini ndugu?

Sisi Walutheri tuna shida ya pekee hapa, na mwanafunzi wetu aliigusa bila kujua. Katika Katekisimo Ndogo tulifundishwa kwamba amri ya nane haitukatazi uongo tu, bali inatutaka tumtetee jirani, tumnene vema, tuyachukue mambo yake kwa upande ulio mwema. Watoto wetu wa kipaimara huikariri maelezo hayo mbele ya usharika. Basi David Duke si jirani? Tusimwelewe kwa upande ulio mwema?

Lakini Luther huyohuyo, katika Katekisimo Kubwa, alitofautisha dhambi iliyofichika na dhambi iliyo wazi. Ya siri tuifunike, tumwendee ndugu faraghani. Iliyotendwa hadharani, ambayo kila mtu ameiona, inaweza kukemewa hadharani, na anayeikemea hasengenyi. Vitabu katika ofisi ya mbunge havikuwa siri ya moyo wake. Viliuzwa kwa bei.

Tena kuna jambo lingine, na hapa ndipo tungependa mwanafunzi yule atusikilize. Mchungaji anapomtamkia mtu ondoleo la dhambi hahitaji ushahidi. Mwizi msalabani hakuleta barua ya mjumbe wa nyumba kumi. Neema ni bure, na tukianza kuidai stakabadhi tumeacha kuwa Walutheri. Lakini ugavana si neema. Ni kazi iliyo juu ya miili na mali za watu wengine, na watu hao wana haki ya kuuliza maswali. Mtu anaweza kusamehewa asubuhi na jioni usharika ukamnyima ufunguo wa kasha la sadaka, na hakuna dhambi iliyotendeka. Paulo alipoongoka, wanafunzi wa Yerusalemu walimwogopa, na Matendo ya Mitume hayawalaumu. Ilibidi Barnaba amchukue na kumweleza habari zake. Kisha Paulo akapelekwa Tarso, na ikapita miaka kabla hatujasikia habari zake tena. Duke alitaka ukumbi wa gavana ndani ya miezi.

Novemba 16, 1991 watu wa Louisiana walipiga kura kwa wingi. Wapiga kura Weusi walijitokeza kwa mistari mirefu, na karibu wote walimkataa. Edwards alipata asilimia 61, Duke 39. Lakini asilimia 39 hiyo ilikuwa watu zaidi ya 670,000, na Duke hakusita kusema kwamba ameshinda kwa watu wake, yaani alipata kura nyingi za Wazungu. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Sisi tunashangaa jambo moja tu. Mtu aliyetuambia wiki nzima kwamba katika Kristo ameacha kutazama rangi, matokeo yalipotoka, kitu cha kwanza alichokifanya ni kuzihesabu kura kwa rangi.

Aliendelea kugombea, lakini hakupata tena kura nyingi kama zile. Majina ya wafuasi wake, hata hivyo, yalikuwa na thamani. Mike Foster, aliyekuwa gavana baada ya Edwards, alimlipa Duke zaidi ya dola 150,000 kwa ajili ya orodha ya majina na anuani, na baadaye akatozwa faini na bodi ya maadili ya jimbo kwa kutoyatangaza malipo hayo. Wale waliodhani wamejiandikisha katika vita vya kuokoa taifa lao walikuwa bidhaa.

Na hapa ndipo ilipofika kesi. Katika miaka ya 1990 Duke aliwaandikia wafuasi wake barua za kuomba msaada. Aliwaambia kwamba amefilisika kwa ajili ya kuwatetea, kwamba karibu atapoteza nyumba yake. Watu wakatuma fedha. Wengine hawakuwa matajiri. Tunaweza kuwafikiria, kwa sababu na sisi tunawajua watu wa aina hiyo, mzee anayekunja noti akaitia katika bahasha, au mama ambaye katika mnada wa baada ya ibada hununua tena kuku aliyemleta mwenyewe ili sadaka iongezeke. Fedha zilikuja kwa mamia ya maelfu ya dola. Serikali ilipochunguza iligundua kwamba sehemu yake kubwa ilikwenda kwenye mambo yake binafsi, pamoja na kamari katika makasino ya Mississippi, Las Vegas na Bahamas.

Novemba 2000 maafisa wa serikali kuu walipekua nyumba yake. Yeye alikuwa Urusi, akakaa nje ya nchi kwa muda mrefu. Desemba 2002 alirudi akakiri makosa mawili mahakamani: ulaghai kwa njia ya posta, na kuwasilisha taarifa ya uongo ya kodi. Machi 2003 alihukumiwa kifungo cha miezi 15 na faini ya dola 10,000. Edwards naye alikuwa amekwisha kuingia gerezani miezi michache kabla, kwa makosa ya rushwa yaliyohusu leseni za makasino. Wagombea wote wawili wa duru ile ya 1991 walikuwa wafungwa wa serikali kuu kwa wakati mmoja. Wanafunzi wetu hucheka wanapofika hapa, na hatuwakatazi.

Lakini tusiichanganye hukumu ile na jambo lingine. Duke hakufungwa kwa ajili ya Klan, wala kwa ajili ya vitabu, wala kwa uchungu wa Mama Levy. Sheria ya Marekani haikuwa na kifungu kwa hayo. Alifungwa kwa kuwadanganya waliompenda. Alipotoka gerezani aliendelea na mafundisho yaleyale dhidi ya Wayahudi, na mwaka 2016 aligombea tena useneta akapata kama asilimia tatu. Gereza lilimaliza miezi yake, na toba aliyoitangaza 1991 hatukuisikia tena.

Tungeweza kuishia hapa tukijisikia vizuri, kwamba hayo ni ya Wamarekani. Mambo mawili yanatuzuia.

La kwanza ni Luther wetu. Mwaka 1543, akiwa mzee na mgonjwa, aliandika kitabu dhidi ya Wayahudi chenye ushauri wa kutisha: masinagogi yachomwe, nyumba zibomolewe, vitabu vichukuliwe. Wanazi walikichapa upya na kukitumia. Mwaka 1984, katika mkutano wa Budapest, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri liliyakataa mafundisho hayo, na mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Marekani likatamka vivyo hivyo. Katika vyuo vyetu Luther wa mwaka 1517 tunamjua kwa moyo; huyu wa 1543 tunampitia haraka, au tunamruka. Hatuna ruhusa ya kumnyoshea kidole Duke juu ya vitabu alivyouza huku chetu tukikificha nyuma ya rafu.

La pili ni la nyumbani. Kabla hatujaitwa kufundisha tulihudumu usharika mmoja katika miteremko ya Kilimanjaro. Mzee mmoja wa heshima alikuwa ametengwa na ushirika kwa muda mrefu kwa sababu ya mambo kadhaa, moja likiwa shamba la mjane jirani yake. Masale ya mpaka yalikuwa yameng'olewa, na migomba yake ikasogea. Mwaka wa uchaguzi alikuja ofisini akiwa mnyenyekevu, akaomba kurudi kundini. Baraza la wazee lilifurahi. Na sisi, tuseme kweli, tulifurahi kuliko wote, maana alikuwa mtu wa kusaidia ujenzi. Jumapili alisimama mbele ya madhabahu akasema kama kuna yeyote aliyemkosea anaomba msamaha. Usharika ukapiga makofi. Jumatatu alichukua fomu ya udiwani, na katika mikutano yake alisema kwamba Kanisa limemsafisha.

Mjane yule alikuwa amekaa benchi la tatu siku ile, hakupiga makofi. Baada ya ibada alitusubiri mlangoni watu walipokwisha kutoka. "Baba Mchungaji," alisema kwa sauti ya chini, "na shamba langu limerudi kundini?" Tulimwambia tuombe. Ndilo neno tulilomwambia, na linatuuma tunapoliandika, kwa sababu tulikuwa tumemkubalia Zakayo kabla hajarudisha hata senti.

Kura za maoni za chama chake hazikumpitisha. Baada ya uchaguzi tulichukua wazee wawili tukaenda nyumbani kwake. Alitupokea vizuri, akatuletea mbege na chai, akatusimulia habari za wajukuu. Shamba hakulizungumzia. Tulirudi mara ya pili, hakuwapo. Mara ya tatu tulimkuta kihambani, na mzee mmoja wa kanisa, mkubwa kwake kwa umri, alimuuliza kwa Kichaga jani la sale la kuombea msamaha alilichuma wapi, ikiwa ya mpakani aliyang'oa. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akakubali kupanda masale upya.

Aliyapanda hatua nne ndani ya shamba la mjane. Tulimwambia mama yule kwamba tutarudi tena kwa mzee, kazi haijaisha. Akasema tumwache, amechoka, hatua nne atazivumilia, na kwamba angalau sasa anajua mpaka uko wapi.